Pikapu Iliyorudi Tupu

Mwenye ploti alituma ujumbe kupitia kwa msimamizi wake, na msimamizi alikuja kuutoa akiwa ameegemea boneti ya pikapu yetu kana kwamba tayari imekuwa yake. Alisema mawe ya kujengea yanakuja mwisho wa mwezi, na pale pikapu ilipokaa patajengwa vyumba vya kupangisha. Gari la kazi, linalotoka na mzigo na kurudi, lingeweza kulala kando ya lango; mwenye ploti hakuwa mtu mbaya. Lakini chuma kinachooza hakina nafasi katika ploti ya mtu, na wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wameshapita kukitazama.

"Hii yenu imekufa, siste," aliniambia. "Si mkubali tu."

Nilimwambia aondoe mkono wake kwenye gari la baba yangu.

Ilikuwa pikapu ya Kijapani iliyonizidi umri, yenye taa za mviringo, bampa ya chuma, na kiti kimoja kirefu cha mbele ambacho nilipokuwa mdogo kilinitosha kulala nikiwa nimenyoosha miguu. Ilikaa juu ya mawe nyuma ya vyumba vyetu Kawangware, upande wa kuelekea Riruta Satellite, tangu baba aliposhikwa na presha ya macho. Nyasi zilikuwa zimetokeza kwenye tundu la taa ya kushoto. Kuku wa jirani alitagia kwenye kiti cha dereva na kumtazama kwa hasira yeyote aliyefungua mlango.

Kabla ya Kawangware tulikuwa wapangaji Gatwekera, kule Kibera, na huko pikapu hii ilijulikana na kila mtu, ingawa si kwa mabati, makaa na vitanda ambavyo baba alibeba wiki nzima. Ilijulikana kwa majeneza. Watu wetu wa magharibi, mtu akifia Nairobi hazikwi Nairobi. Hurudishwa nyumbani, na nyumbani ni mbali. Familia zilizoshindwa kulipia gari la mazishi zilikuja kwa baba. Alikuwa amechomelea pete nne za chuma kwenye sakafu ya bodi ili jeneza lifungwe kwa kamba lisiteleze kwenye kona. Alifunga kitambaa chekundu kwenye kioo cha pembeni, kama wanavyofanya madereva wote wa msafara wa mazishi, akawasha taa zote zikimetameta, akaondoka polepole. Akina mama wa Gatwekera waliwakataza watoto wao kuigusa. Mimi niliigusa kila siku, na kwa sababu hiyo nilicheza peke yangu sana.

Baba alikuwa na mwiko wake mmoja: hakurudi tupu. Baada ya maziko aliosha bodi kwa maji ya mto ulio karibu, kisha akawaomba wenye matanga kitu chochote kilicho hai. Jogoo, mche wa mgomba na udongo wake, mara moja mwanakondoo aliyelia njia nzima. Alisema gari lililopeleka mfu likirudi na nafasi wazi, nafasi ile itatafuta mtu wa kuijaza. Nimekula jogoo wengi bila kujua kwamba walikuwa na kazi nyingine kabla ya kuwa kitoweo.

Katika safari yake ya mwisho, macho yalimzimikia kwenye maziko yenyewe. Aliona taa za maturubai zikiwa na duara kama upinde wa mvua, halafu hakuona pembeni kabisa. Mpwa wa marehemu ndiye aliyeendesha kurudi, na katika ile hofu ya macho hakuna aliyekumbuka jogoo wala mgomba. Pikapu iliingia Kawangware tupu, ikaegeshwa, haikuondoka tena.

Mama hakusahau hilo. Mama huuza omena, dagaa wa ziwani, Kisumu Ndogo, upande mwingine wa Kibera, na kila siku hugombana na watu wa mikokoteni wanaomwaga gunia lake njiani. Nilipomwambia nitaifufua pikapu ibebe omena yake, aliendelea kupepeta bila kuinua kichwa.

"Ile gari haijamaliza safari yake," alisema. "Ilirudi tupu. Omena yangu siweki humo hata ukiipaka dhahabu."

Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi tangu mwanzo. Kuifanya injini ingurume hakungetosha. Mwenye ploti alitaka gari la kazi, na kazi pekee tuliyokuwa nayo katika familia ilikuwa ya mama, na mama hakutaka. Nilianza hivyo hivyo.

Marafiki zangu, wale tunaokutana Jumamosi kusomeana miswada, waliposikia habari hii walisema ni ishara nzuri sana. Mmoja akauliza gari linawakilisha nini. Nilimwambia linawakilisha gari, na kama ana mikono aje atushikie jeki. Hakuja.

Nilimhamisha kuku kwanza, pamoja na mayai yake, hadi kwenye karai lililotobolewa, na alininunia mpaka mwisho wa kazi. Nikaiosha pikapu. Nilipokwangua rangi ya pembeni kwa msasa niligundua kwamba sehemu kubwa ya mlango wa kulia haikuwa chuma, ilikuwa pati tupu ya kuzibia mashimo, iliyopakwa juu ya kutu na fundi fulani wa zamani aliyejua kwamba atakuwa amehama kutu itakapotokeza. Niliigonga kwa kifundo cha kidole ikalia kama boksi. Hapo nilikaa chini kwenye vumbi nikacheka, kisha nikaitoa yote. Afadhali mlango wenye matundu ninayoyaona.

Baba alikalia kiti cha plastiki katikati ya kazi yote. Presha ilikuwa imemla pembeni. Aliona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Nililazimika kumshikia kila kifaa mbele ya pua yake, naye akakitazama, akakinusa, akatoa hukumu. Kabureta tuliikuta imejengwa na nyigu, imejaa udongo uliopangwa vizuri kuliko nyumba nyingi za mtaani kwetu. Tuliizibua kwa waya na petroli. Plagi zikabadilishwa, nyaya zilizoliwa na panya zikabadilishwa, na baba akasisitiza kuunga nyaya za taa yeye mwenyewe kwa kupapasa. Alipomaliza, ukiwasha taa ya kukunja kushoto, zote zilimetameta pamoja, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Nilimweleza. Akasema zikimetameta zote ni kwamba zote ni nzima, mimi nataka nini tena.

Kuhusu stata hakusikia la mtu. Injini haikuzunguka, nikasema ni stata. Akasema stata aliinunua mpya, akataja hata duka. Tukafungua kila kitu kingine. Mwishowe niliitoa bila ruhusa yake nikaipeleka kwa fundi, ikarudi ikiwa nzima, injini ikazunguka. Baba akasema stata ilikuwa nzuri mpaka nilipoanza kuishuku.

Fundi wa kuchomelea alikuwa jirani yetu, mtu mnene wa mzaha mwingi anayependa kuimba akifanya kazi. Alikuja kuziba sakafu ya bodi akiwa na miwani yake myeusi kichwani. Aliona zile pete nne, akauliza ni za nini, na baba kwa fahari akamweleza. Fundi akaacha kuimba. Alisema tuzikate kwanza, kisha ndiyo ashike kazi. Mama kutoka mlangoni akasema hata yeye amesema hivyo miaka yote. Jirani wa chumba cha pili, ambaye ni mwombaji mkubwa kanisani kwao, akajitolea kuja kuombea mahali pete zitakapotoka.

Nilikataa. Nilisema pete hazikatwi. Waliofungwa kwenye zile pete walikuwa watu wa Gatwekera waliofua nguo za watu na kubeba mawe ya majengo ya watu, na walipokufa hakuna gari jingine lililokubali kuwachukua. Leo tukate pete kwa sababu zinamtisha nani? Huyo anayetishika, akifa, familia yake itakuja kwetu ikibisha hodi. Nilisema maneno mengi zaidi ya hayo na sauti yangu ilipanda, na wapangaji wakatoka kuchungulia. Fundi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe ukiolewa, huyo msee atakuwa na shida," alisema, akashusha miwani yake.

Lakini vita vikubwa vilikuwa na baba. Yeye alitaka pikapu irudi vilevile ilivyotoka kiwandani. Mimi nilitaka ibadilike. Nilikuwa nimechora kwa chaki ukutani: fremu ya mabomba juu ya bodi ya kuwekea turubai, wavu pembeni ili upepo upite kwenye omena, na mabenchi mawili ya kukunja kwa sababu nilitaka ibebe watu, watu wanaokaa, wanaoteta, wanaokula mahindi. Nilimshikia karatasi ya mchoro mbele ya jicho. Aliipitia kipande kwa kipande.

"Hii ni pikapu ama ni kanisa?" aliuliza.

Tulinuniana siku kadhaa. Aliniamkia kupitia kwa mama, nami nikamjibu kupitia kwa mama, na mama akatuambia wote wawili tutafute mjumbe mwingine. Sikubadilisha mchoro. Nilichobadilisha ni mahali mabomba yatakaposimama: badala ya kutoboa bodi upya, nilimwambia fundi akate mabomba manne yaingie ndani ya pete zile zile, ayachomelee humo, nafasi ya kamba ibaki. Mabomba yaliposimama, baba aliinuka kwenye kiti chake bila kuitwa. Alipapasa bodi mpaka akafika kwenye pete ya kwanza, akalishika bomba kwa mikono miwili na kulitikisa kwa nguvu zake zote. Halikutikisika. Akaenda kwenye la pili, na la tatu, na la nne.

"Imekaa," alisema. Akarudi kuketi, na kuanzia hapo akawaambia wageni kwamba fremu ilikuwa wazo lake.

Niliipaka manjano. Kila mtu alinishauri kijivu, kwamba kijivu huficha vumbi na kutu na hakimtishi mtu. Nilichagua manjano ya kiini cha yai la kienyeji, labda kwa heshima ya yule kuku.

Lori la mawe liliingia asubuhi tulipoiwasha pikapu. Msimamizi alisimama akiwaelekeza wapakuaji huku mimi na majirani tukiisukuma pikapu kuelekea lango, kwa kuwa betri ilikuwa kuukuu kama yenyewe. Ilikohoa. Ikatema moshi mweusi kwenye nguo zilizoanikwa, mwenye nguo akanitusi, ikashika. Ilinguruma ploti nzima ikatetemeka. Nilimtazama msimamizi. Alitikisa kichwa kwa utulivu na kusema kwamba kuamka si kufanya kazi; hata mgonjwa huamka. Bosi amesema gari la kazi, na mawe mengine yanakuja jioni.

Siku hiyo meza mpya ya mama ilikuwa tayari kwa seremala, palepale Kawangware. Ile ya zamani ilikuwa imeoza kwa maji ya chumvi. Mama alisimama mbele ya pikapu, akaizunguka, akasema meza naweza kuibeba kwa kuwa meza si chakula. Kisha akatangulia Kisumu Ndogo kwa miguu yake, asije akaonekana nayo.

Meza ilikuwa ndefu, ikazidi bodi kwa nyuma. Seremala aliifungua miguu akaiweka kando isivunjike, tukaulaza ubao wake uso juu, na kwa sababu vanishi ilikuwa bado mbichi akatupa shuka jeupe tuifunike dhidi ya vumbi. Ncha iliyotokeza nyuma aliifunga kitambaa chekundu ili wenye magari wasitugonge. Tukaikaza kwa kamba kwenye pete. Baba akapanda mbele kando yangu, amevaa kofia yake, amezama kwenye kile kiti kirefu hivi kwamba kwa nje usingemwona. Klachi ilikuwa mpya na sikuwa nimeizoea, kwa hiyo niliendesha polepole mno. Nilipowasha taa ya kukunja kuingia Kibera, taa zote zilianza kumetameta, na swichi ikakwama hapo hapo.

Wanaume kando ya barabara walivua kofia. Mwenye pikipiki aliyekuwa akinipita akapunguza mwendo, akarudi nyuma yangu. Mama mmoja wa mandazi aliacha mafuta yakichemka akasimama wima, mikono kifuani. Niliyaona hayo yote na nikajaa majivuno. Nilijiambia: manjano inafanya kazi. Nilimwambia baba watu wanaiheshimu pikapu, na akatabasamu, kwa kuwa hilo hakuwahi kulitilia shaka.

Halafu tukasikia wimbo. Ulianzia nyuma upande wa Gatwekera, sauti chache za wanawake, ukapokelewa na wengine, ukatufuata. Nilitazama kwenye kioo nikaona watu wengi wakitembea nyuma yetu, shuka jeupe likipepea mbele yao. Bado sikuelewa. Baba aliinamisha sikio.

"Huo ni wa kuzika," alisema. "Kuna mtu amekufa." Akavua kofia yake, akaiweka juu ya goti.

Nilielewa tulipofika kwenye kibanda cha mama, kwa sababu niliuona uso wake. Alikuwa ameinuka na karai la omena mikononi. Aliona pikapu ile ile, taa zikimetameta, kitu kirefu chini ya shuka, kitambaa chekundu, na nusu ya Gatwekera wakiimba nyuma yake. Aliniona mimi kwenye usukani, na kando yangu hakuona mtu. Hakupiga kelele. Aliweka karai chini polepole, akalisogeza lisije likakanyagwa, akaja mpaka kwenye ile meza, akaweka kiganja juu ya shuka. Wanawake wawili walikuwa wameshamshika mabega.

Mlango wa upande wa pili ukafunguka. Baba akashuka akipapasa, kofia mkononi, akageuka upande wenye sauti.

"Poleni sana, watu wangu," alisema. "Ni nani ametuacha?"

Wimbo ulikufa mstari kwa mstari, wa mbele kwanza. Bikizee mmoja aliyekuwa jirani yetu zamani alimsogelea baba mpaka pua zikakaribia kugusana.

"Ni wewe," alimwambia.

Baba alifikiri. "Mimi sijaambiwa," alisema.

Sijui nani alicheka wa kwanza. Najua kwamba mama hakucheka. Alimpiga baba kifuani kwa viganja viwili, akampiga tena, akamwambia kofia hiyo avae, jua ni kali, kisha akakaa kwenye mlango wa nyuma wa pikapu ulioshushwa, kando ya meza yake, na mabega yake yakatetemeka. Watu walituzunguka. Mwenye pikipiki alidai baba amrudishie machozi yake. Mwingine akasema wimbo ulioanzwa haufai kuachwa katikati, atafutwe mtu wa kufia beti zilizobaki. Bikizee aliendelea kumshika baba mkono, akikiri kwamba njiani alikuwa ameshapanga atakayosema juu yake, na mengine hayakuwa mazuri. Nikawaeleza habari ya meza, ya vanishi, ya taa. Waliifunua wenyewe, wakaigonga, wakaisifu, wakaisaidia kushuka.

Bodi ikabaki wazi. Mabenchi yamekunjwa, wavu unang'aa, pete nne na mabomba yake, na katikati hakuna kitu. Kelele zilipungua. Wale wa zamani walijua mwiko wa baba, kwa kuwa wengine kati yao ndio waliompa jogoo. Mama aliitazama ile nafasi. Nilingoja. Nilikuwa nimekwisha kusema yote niliyokuwa nayo, kwa mdomo na kwa msasa, na sikuwa na hoja nyingine.

Alichukua karai lake la omena. Alilisukuma ndani ya bodi, akakunjua benchi la kulia, akapandisha sketi kidogo, akapanda. Alikaa katikati ya benchi, mgongo umenyooka, mkono mmoja ameshika bomba.

"Hairudi tupu leo," alisema. "Mimi ni mzima. Endesha."

Bikizee naye akapanda, bila kualikwa, akidai apelekwe mpaka Gatwekera kwa kuwa ametembea safari yote hiyo akimlilia mtu asiyekufa. Wakafuata wengine. Benchi la kushoto likajaa. Tuliwazungusha Gatwekera, wakishuka mmoja mmoja milangoni mwao, watoto wakikimbia nyuma na kuigusa pikapu kwa viganja, na hakuna mama aliyewaita warudi. Mama hakushuka. Aliuza omena kupitia kwenye wavu mpaka karai likabaki magamba.

Jioni tuliingia Kawangware akiwa bado amekaa kule nyuma. Msimamizi alikuwa amesimama langoni, na mawe yalikuwa yamepangwa mpaka ukingoni mwa mahali petu. Nilipiga honi. Alimtazama mama juu ya benchi, akatazama karai, akatazama magamba ya omena yaliyonata kwenye rangi yangu mpya. Mama alimwuliza kama lango hilo hujifungua lenyewe. Akalifungua.

Sasa pikapu hulala hapo kando ya lango, na vyumba vipya vimejengwa nyuma yake. Swichi ya taa tulitengeneza. Kitambaa chekundu bado tunakifunga kila mzigo unapozidi bodi, na wapo wanaotushauri tutafute rangi nyingine, wapo wanaosema niipeleke pete zikatwe sasa kwa kuwa biashara ni ya chakula. Nawasikiliza huku nikifunga kamba. Nafunga kwenye pete.